Kidari cha Texas na chili nyekundu: nyama inapokugomea

Kidari kimekaa kwenye moshi saa 12 na bado kinavutika mdomoni kama mpira. Chili, yaani mchuzi mzito wa nyama na pilipili kavu, imechemka jioni nzima na vipande vya nyama ni vigumu kuliko vilivyoingia sufuriani. Yanaonekana matatizo mawili, kumbe ni moja. Kidari, na nyama ya bega ambayo ndiyo nyama ya chili, hutoka kwenye misuli inayobeba uzito wa ng'ombe kutwa kucha, na misuli hiyo imefungwa kwa kolajeni, protini ngumu inayoshikilia nyuzi za nyama. Kolajeni huanza kugeuka jelatini kwenye joto la karibu 70°C, tena polepole, kwa saa nyingi. Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa yoyote, jiulize: nyama hii imepitiliza, au haijafika? Ukikosea jibu utaitoa motoni wakati ilihitaji saa mbili zaidi, kisha utailaumu bucha.

Aliyezoea nyama choma ana mtego wake hapa. Kwenye choma makaa yako chini ya nyama, na nyama inayoanza kukauka huondolewa haraka. Kidari cha Texas hakioni moto kabisa. Moto uko kwenye kisanduku cha pembeni, na kinachoipika nyama ni hewa ya moto na moshi unaopita juu yake kuelekea bombani.

Vipimo vya kulinganishia

Kasoro haijulikani bila kujua jambo lenyewe linapaswa kuwaje. Kidari kizima cha kilo 5 hadi 6, chenye sehemu zote mbili, ile bapa isiyo na mafuta mengi na ile nene yenye mafuta, hupunguzwa mafuta ya juu hadi yabaki unene wa milimita 6. Kinapakwa chumvi ya chenga na pilipili manga iliyosagwa kikwarukwaru, robo kikombe kwa robo kikombe. (Chumvi laini ya mezani hujaa zaidi kijikoni, tumia nusu ya kipimo hicho.) Joto la jiko, likipimwa kwenye wavu palepale nyama ilipolala, ni 120°C hadi 135°C, yaani 250°F hadi 275°F. Muda ni saa 10 hadi 14. Nyama ikifika karibu 74°C ndani na gamba la nje limeshika, hufungwa kwa karatasi ya bucha. Hutolewa karibu na 95°C, ikapumzishwa saa mbili au zaidi mpaka ishuke hadi 60°C na kidogo, ndipo ikatwe.

Chili: nyama ya bega kilo 1.5, vipande vya sentimita 2. Pilipili kavu za Meksiko: aina ya ancho gramu 60 na guajillo gramu 40. Vitunguu maji 2, saumu punje 6, bizari nyembamba (ile ya pilau) kijiko 1 cha mezani, oregano vijiko 2 vya chai, maji au supu lita 1 na robo. Moto mdogo, saa mbili na nusu hadi tatu.

Kidari ni kigumu. Kidari ni kikavu.

Tunayaweka pamoja kwa sababu watu huyachanganya, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu nyama nyingi kuliko kosa jingine lolote.

Kata kipande kimoja cha sehemu bapa, unene wa penseli, dhidi ya nyuzi. Kilaze juu ya kidole cha shahada. Kipande kilichoiva sawasawa huinama pande zote mbili kama kitambaa kilicholowa, hakikatiki. Kishike ncha mbili uvute taratibu: kinanyooka kidogo, kisha kinaachia. Kama unavuta na kinarudi, hakijafika. Kama kimekatika chenyewe juu ya kidole na nyuzi zinamwagika kama makumbi ya nazi, kimepitiliza.

Kigumu kisichoachia kina tiba: kirudishe. Kifunge tena, kiweke kwenye jiko au oveni ya 120°C, na ukichome kwa kijiti cha kipimajoto kila baada ya dakika 30. Kijiti kikiingia kwenye sehemu bapa kama kinavyoingia kwenye parachichi lililoiva, bila mkwaruzo wowote, toa. Namba 95°C ni ya kukukumbusha kuanza kuchoma kijiti, si amri. Vidari vingine huachia kwa 92°C, vingine hugoma mpaka 98°C.

Kikavu kinachomeguka hakina tiba. Kikatekate, kichanganye na mafuta yaliyokusanyika kwenye karatasi, ukile na mkate au ukiweke kwenye chili.

Lakini kipo kidari kilicho kigumu na kikavu kwa pamoja, nacho huwapoteza wengi. Mara nyingi hakijafika. Kwenye 75°C hadi 85°C nyuzi za nyama zimeshajikaza na kukamua maji yake, na kolajeni bado haijatoa jelatini ya kutosha kurudisha ule utelezi mdomoni. Nyama iko kwenye hatua yake mbaya kuliko zote, na ulimi unasema imekauka. Kuitoa hapo ni kuitoa mlangoni.

Sababu nyingine ni kisu. Nyuzi za sehemu bapa na za sehemu nene hazielekei upande mmoja, karibu zinakingamana. Ukikata kidari chote kwa mwelekeo mmoja, nusu yake utakuwa umeikata kufuata nyuzi, na hata nyama iliyoiva vizuri itavutika. Kabla ya kupaka chumvi, wakati nyuzi zinaonekana, kata pembe moja ya sehemu bapa kuonyesha mwelekeo. Ikishakuwa nyeusi hutaona kitu. Wakati wa kukata, ukifika pale sehemu nene inapoanzia, geuza nyama robo mzunguko.

Kidari cha ng'ombe wa malisho, kama wanaopatikana kwenye bucha nyingi za Afrika Mashariki, kina mafuta machache katikati ya nyuzi na mara nyingi ni chembamba. Usikipike kwa saa za kidari cha Texas. Kifunge mapema kidogo, karibu 68°C, ukiwa umepaka mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa juu ya karatasi, na uanze kukichoma kijiti kuanzia 90°C.

Namba imesimama 68°C na haisogei

Hakuna kilichoharibika. Nyama inatoa jasho. Maji yanayovukiza juu yake yanaipoza kwa kasi ileile ambayo jiko linaipasha, kama mwili unavyopoa kwa jasho ukikaa upepeni. Hali hii hutokea kati ya 65°C na 75°C na inaweza kudumu saa mbili hadi sita. Wengi hapa huongeza magogo kwa hofu, jiko linapanda hadi 180°C, na gamba linaungua kabla ya ndani kulainika.

Chagua moja: subiri, au funga. Ukifunga, mvuke hauna pa kwenda na joto linaanza kupanda tena. Karatasi ya bucha hupitisha unyevu kidogo, kwa hiyo gamba hubaki na uhai. Foili ni ya haraka zaidi lakini hulainisha gamba mpaka nyama inafanana na iliyochemshwa.

Jambo moja kwa walio nyanda za juu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji huchemka huko kwenye takriban 94°C. Nyama imejaa maji, kwa hiyo kungoja 95°C ndani ya karatasi ni kungoja mgeni asiyekuja, huku kidari kinakauka. Huko anza kuchoma kijiti kwenye 88°C na uamini mkono wako. Dar es Salaam na Mombasa, usawa wa bahari, hazina tatizo hilo.

Nyama chungu, ulimi unakufa ganzi

Huu ni moshi mchafu. Gogo lisilopata hewa ya kutosha haliwaki, linafuka, na moshi huo mweupe mzito hubeba kreosoti inayoganda juu ya nyama kama lami nyembamba. Ukipitisha kidole kwenye gamba kikatoka na weusi unaonata na kunuka dohani, umeipata sababu. Moshi mzuri hauonekani kwa urahisi: ni ukungu wa buluu hafifu juu ya bomba, na hewa inayotikisika kwa joto.

Angalia kwa mpangilio huu. Bomba la moshi liwe wazi kabisa, wakati wote. Joto hupunguzwa kwa kupunguza ukubwa wa moto au hewa inayoingia chini, kamwe si kwa kuziba bomba. Pili, kuni. Gonga magogo mawili: yaliyokauka hulia kwa mlio mkavu, mabichi hutoa mlio wa kuziba kama kugonga ndizi mbichi. Kuni zilizopasuliwa zinahitaji miezi 6 hadi 12 ya kukauka. Tatu, ukubwa. Gogo nene kama paja hufuka nusu saa kabla halijashika. Kwa jiko la nyumbani tumia lenye unene wa kifundo cha mkono, urefu wa sentimita 30 hadi 40. Lilaze juu ya kisanduku cha moto lipate joto kabla ya kuliingiza, na uongeze moja kila dakika 30 hadi 45 juu ya makaa mekundu. Moto mdogo unaowaka kweli hushinda moto mkubwa uliobanwa pumzi.

Texas ya kati hutumia mwaloni aina ya post oak, kwa sababu ndio unaoota huko na moshi wake ni mpole. Texas ya magharibi ina mesquite, ambao moshi wake ni mkali. Kwa saa 12 utaionea nyama. Kwa aliyeko pwani au bara ya Afrika Mashariki, mwembe na mpera uliokauka hufanya kazi nzuri. Msonobari usiusogeze karibu, una utomvu. Mbao za ujenzi, zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, ni hatari kwa mlaji.

Uchungu wa namna nyingine, ule wa kitu kilichoungua, hutoka kwenye sukari. Kama umeongeza sukari kwenye viungo na jiko likapita 150°C kwa muda mrefu, ndiyo hiyo. Chumvi na pilipili manga peke yake haziwezi kukufanyia hivyo kirahisi.

Gamba laini, au linabanduka

Ulifunga mapema. Kipimo si saa wala joto peke yake: kwaruza gamba kwa ukucha. Likitoka kama matope, bado. Likibaki limeshika na rangi yake imefika ile ya kahawa iliyokaangwa sana, funga. Kunyunyizia maji au siki kila dakika 20 pia huliosha. Mara moja kwa saa inatosha, na si kabla ya saa ya tatu.

Hakuna duara la waridi pembeni

Msihangaike nalo. Rangi ile hutokea gesi za moto wa kuni, nitriki oksidi na kaboni monoksidi, zinapokutana na maiyoglobini, protini inayoipa nyama wekundu wake, kabla tabaka la nje halijapita karibu 60°C. Ni rangi tu, haina ladha. Ukiitaka, ingiza nyama ikiwa ya baridi kutoka kwenye friji. Na mgeni akisema nyama ni mbichi kwa sababu ina wekundu, mweleze.

Kipimajoto cha mfuniko kinasema 120°C lakini nyama inaungua upande mmoja

Kipimajoto cha mfuniko hupima hewa ya juu. Kwenye wavu, hasa karibu na kisanduku cha moto, tofauti ya 15°C hadi 25°C ni ya kawaida. Weka kipimajoto cha pili kwenye wavu, sentimita 5 kutoka kwenye nyama, na elekeza sehemu nene yenye mafuta upande wa moto. Ukiwa na shaka na kifaa chenyewe, kitumbukize kwenye maji yanayochemka.

Kilikuwa laini, kikakauka mezani

Kilikatwa mapema. Kwa 95°C mafuta na jelatini ni maji matupu; kisu kikipita, vyote vinaishia kwenye ubao. Kiache kwanza juu ya meza dakika 30 kiache kupikika, kisha kiweke na karatasi yake kwenye boksi la barafu lisilo na barafu, katikati ya taulo, saa mbili hadi nne. Kisishuke chini ya 60°C kama hakiliwi papo hapo, maana chini ya hapo vijidudu hupata nafasi. Na kata unachokula sasa tu. Kipande kilichokatwa hubadilika rangi na kukauka ndani ya dakika chache.

Hakuna mchuzi. Ni kasoro?

Siyo. Mapishi haya ya Texas ya kati, kwenye miji ya Lockhart, Luling na Taylor, yalikua kwenye bucha za wahamiaji Wajerumani na Wacheki wa karne ya 19, waliokausha kwa moshi nyama isiyouzika ikiwa mbichi na kuiuza kwa uzito juu ya karatasi. Kreuz Market ya Lockhart, iliyofunguliwa 1900, kwa miongo mingi haikuweka mchuzi mezani. Mkate mweupe, kitunguu kibichi na achari ya matango vinatosha. Mashariki mwa Texas, kwenye mapishi ya Wamarekani Weusi, nyama hulainishwa zaidi na mchuzi ni sehemu ya chakula chenyewe. Kwa hiyo ukikosa mchuzi kwenye sahani ya Lockhart hujaibiwa, na ukiukuta mashariki usidhani unaficha kitu.

Chili ni chungu

Pilipili ziliungua, karibu kila mara. Ancho na guajillo hazikaangwi, hupashwa. Pasua, toa mbegu na nyuzi za ndani, bana kwenye kikaango kikavu sekunde 10 hadi 15 kila upande. Ngozi inalainika, inang'aa kidogo, na harufu inayokuja ni ya zabibu kavu. Harufu ikianza kukwaruza koo, au ukiona doa jeusi, hiyo itupe. Pilipili moja iliyoungua huonekana kwenye sufuria nzima. Kisha loweka kwenye maji ya moto dakika 20 hadi 30. Onja yale maji kabla ya kuyatumia: yakiwa machungu mwaga, saga pilipili kwa supu.

Chili iliyokwisha kuwa chungu haioshwi. Sukari kijiko cha chai na mafuta ya ng'ombe vitaituliza kiasi. Ikiwa ni mbaya sana, chuja nyama, suuza, na utengeneze mchuzi upya. Nyama ndiyo ghali.

Ni kali kupita kiasi

Umebadilisha aina ya pilipili kwa uzito uleule. Ancho na guajillo ni pilipili za ladha na rangi, ukali wake ni mdogo, ndiyo maana gramu 100 zinawezekana. Pilipili kavu ndogo za masokoni kwetu haziwezi kushika nafasi hiyo hata robo. Ukikosa za Meksiko, tumia unga wa pilipili ya Kashmiri uchanganye nusu kwa nusu na paprika, anza na gramu 50 kwa jumla, na ukali uongeze kwa pilipili ndogo mojamoja. Iliyokwisha kuwa kali hupozwa kwa kuongeza nyama na supu isiyo na viungo, au malai mezani. Maji ya kunywa hayasaidii. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta.

Nyama ngumu kwenye chili

Huenda umeipika saa moja na nusu tu, na haijatosha. Ongeza. Nairobi au Arusha, ongeza zaidi. Lakini tazama pia moto: mchuzi unaotokota kwa nguvu hukaza nyuzi. Unatakiwa kuona povu moja au mawili yakipanda kila sekunde, basi. Na kama ulinunua steki kwa kudhani unaipandisha hadhi chili, hakuna muda utakaoisaidia, kwa kuwa haina kolajeni ya kutosha. Bega, kidari au shini.

Rangi ya kijivu, ladha imepooza

Nyama ilichemka kwenye maji yake badala ya kukaangika. Ipanguse kwa kitambaa, kaanga gramu 400 kwa mara, usiigeuze mpaka ijiachie yenyewe kwenye sufuria. Upande mmoja ukishika rangi unatosha. Kama hayo yamefanyika na bado imepooza, tatizo ni chumvi, au bizari iliyokaa mwaka mzima kwenye kopo. Kaanga bizari nzima kidogo, isage, weka nusu mwanzoni na nusu dakika 20 za mwisho. Maji ya ndimu, kijiko kimoja, huingia wakati wa kuepua.

Maji mengi, au maganda yanaelea

Maganda: pitisha mchuzi wa pilipili kwenye chujio, ukisukuma kwa mgongo wa upawa. Maji: toa mfuniko nusu saa ya mwisho, kisha koroga vijiko 2 vya masa, ule unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, kwenye maji baridi na umimine. Sembe nayo hufanya mchuzi uwe mzito, ila haina ile harufu ya tortila, chapati ya mahindi ya Meksiko, na inahitaji dakika 20 ili isibaki na ladha ya uji mbichi.

Maharage na nyanya

Chili ya Texas haina. Ndiyo ile iliyouzwa na wanawake waliojulikana kama malkia wa chili kwenye viwanja vya San Antonio tangu karne ya 19, na ndiyo Texas iliyoitangaza kuwa chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977. Ukipenda maharage, yapike peke yake na uyaweke pembeni. Si ushabiki tu: ndimu na nyanya huyafanya yagome kulainika, na maharage mekundu makavu lazima yachemke kwa nguvu dakika 10 walau, kwa sababu yana sumu ambayo moto mdogo wa chili hauiui.

Chili ya kidari kilichobaki ina chumvi na inanuka moshi

Kidari kilichoiva hakipikwi tena saa tatu. Tengeneza mchuzi wa pilipili kwanza, uive saa nzima bila nyama na bila chumvi yoyote, kisha weka vipande vya kidari dakika 30 hadi 40 za mwisho. Kama moshi ulikuwa mzito, kata gamba la nusu ya vipande ulitupe. Pilipili manga usiongeze, iko tayari kwenye gamba. Chumvi ionjwe mwisho kabisa, baada ya gamba kulainika na kuachia ya kwake mchuzini.